Ukoo wa Mwisho wa Mfereji

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kisha siku nyingine, labda walipokuwa wameshiba, wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukaishi nazo zote mbili bila kuumwa kichwa, kila mtu akichukua ile inayomfaa kwa wakati wake. Taasisi ya Urithi wa Tabia ndiyo iliyoona aibu kuliacha jambo hilo likining'inia, ikaamua kulimaliza kwa hesabu. Na mwenye hesabu alikuwa Dakta Nakijwa.

Asubuhi hiyo ya kiangazi gari la Taasisi lilimgomea katikati ya milima ya Upare. Lilikuwa gari lenye akili nyingi, lisilo na dereva, na lilipofika penye ukingo ulioporomoka likasema kwa sauti ya upole kwamba njia si salama, likazima. Nakijwa alilibembeleza, akalitisha, mwishowe akalitukana. Halikujibu. Akatwaa mkoba wake akashuka kwa miguu kuelekea Kirindo, akiufuata mfereji, kwa maana hiyo ndiyo njia aliyoijua tangu utotoni.

Alikuwa hajaufuata tangu aende shule ya bweni. Ukipita na gari huuoni mfereji, unaona milima na mawingu na unajisikia vizuri. Juu kabisa ilikuwepo ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu kukusanya maji ya chemchemi usiku kucha ili yafunguliwe alfajiri. Chini yake tu yalikuwa mashamba ya ukoo wa Nakijwa mwenyewe. Hapo maji yalipita kwa wingi wa kumwogesha ndama. Binamu yake mmoja alikuwa ameegemea jembe kwenye shamba la tangawizi, akamsalimia kwa nafasi, akauliza habari za Dodoma, habari za kazi, habari za mguu wa shangazi. Hakuwa na haraka yoyote.

Nakijwa akaendelea kushuka pamoja na maji. Yakapita ukoo wa pili, yakapungua. Yakapita wa tatu, yakawa ya kulowesha viatu. Yalipofika Kirindo, kwa ukoo wa mwisho, hayakuwa maji tena, yalikuwa utando wa tope unaojikokota kati ya mawe. Na juu ya tope hilo walisimama wanaume wawili, ndugu wa baba mmoja, kila mmoja na jembe lake mkononi, wakizozana zamu ni ya nani. Mmoja alipoinua jembe, vikuku vya Taasisi vya kupimia hasira vikalia kwa pamoja mikononi mwao. Wote wawili wakatupa majembe chini kana kwamba yamewaunguza, wakafumba macho na kuvuta pumzi kwa kuhesabu, kama walivyofundishwa. Walipofumbua macho, tope lilikuwa limekwisha kunywewa na ardhi.

Nakijwa akakaa juu ya jiwe.

Hesabu yake yote ilisimama juu ya jambo moja jepesi. Ukitaka kujua kama tabia ni ya damu au ya malezi, mtafute mtoto aliyezaliwa nyumba hii akalelewa nyumba ile. Akija kufanana na waliomzaa, umeiona damu. Akija kufanana na waliomlea, umeyaona malezi. Watafiti wa nchi nyingine walihangaika kuwapata watoto wa namna hiyo, lakini milima hii ilikuwa nao tele, kwa sababu huku mwanamke asiyejaliwa kuzaa hupewa mtoto na ndugu zake, akamlea kama wake. Nakijwa aliwaorodhesha watoto wa kupewa wa koo zote, akawapima vinasaba, akawapima ghadhabu. Watoto wa Kirindo walikuwa wakali wote, waliolelewa kwao na waliolelewa kwingine. Mashine ikatoa jibu: asilimia sabini ya ghadhabu hutoka kwenye damu. Jibu hilo likampa Nakijwa udaktari na cheo. Likaipa nchi Sheria ya Malezi Mbadala.

Lakini kwingine wapi? Huku mtoto hatolewi nje ya ukoo. Anayempa mgeni mwanawe huambiwa amemuuza, na hakuna atakayekula kwake tena. Nakijwa alilijua hilo tangu ananyonya, na ndiyo maana hakuliandika popote. Nani huandika kwamba mvua hunyesha kutoka juu? Wakubwa zake, watu wa mjini, hawakuuliza, naye hakuwaza kwamba kuna cha kuulizwa. Kila mtoto wa kupewa wa Kirindo alihama kutoka nyumba ya Kirindo kwenda nyumba nyingine ya Kirindo. Mama alikuwa mwingine, lakini mfereji ulikuwa ule ule na mwisho wake ule ule, na kila kiangazi kulikuwa na jembe lililoinuliwa juu ya tope.

Na watu wa ukoo wake Nakijwa, waliotajwa katika vitabu kuwa na damu ya upole? Walikuwa na maji. Basi, hilo tu.

Alitamani kulia akashindwa. Akanyanyuka, kwa kuwa kazi iliyomleta ilikuwa kukagua kikuku cha mwanamke wa Kirindo aitwaye Penieli, na Penieli alikuwa mjamzito.

*

"Karibu, Dakta," Penieli alimwita kutoka jikoni. "Kaa, lakini kama una habari mbaya rudi nayo. Nimebakiwa na nyekundu moja tu."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno ya mzaha na macho yasiyocheka. Tumbo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Kikuku kilikaa katika mkono wake wa kushoto, kikisoma jasho lake na mapigo ya damu, kikiwaka kijani hasira ikiwa mbali, njano ikikaribia, nyekundu ikifika. Mama wa Kirindo aliyefikisha nyekundu tatu kabla ya kujifungua hakuachiwa mtoto. Mtoto aliachishwa ziwa, akapelekwa kwa walezi wa koo tulivu, na jina lake likafungiwa katika faili la siri.

"Hizi mbili ulizipata vipi?" Nakijwa aliuliza, ingawa alikuwa amezisoma.

"Ya kwanza siku walipomchukua Elinaja." Elinaja ni mumewe, alikuwa amepelekwa kambi ya utulivu kwa kumpiga mtu ngumi mferejini. "Ya pili ni mbuzi. Alikula miche yangu yote ya tangawizi, Dakta, akabaki ananitazama usoni. Hata wewe ungewaka."

Nakijwa akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka kwake.

Penieli akageuza makande jikoni, akafunika chungu. Akauliza, bila kumtazama, swali aliloliuliza kila mwaka kwa miaka minane: "Na yule wangu wa kwanza, anaendeleaje?"

Kanuni iliruhusu jibu moja. "Anaendelea vizuri."

"Haya. Mungu ni mwema."

Kila mwaka Nakijwa alitoa jibu hilo, akafunga mkoba wake, akasafiri hadi Dodoma, akafungua mlango wa nyumba yake, na mtoto yule akamrukia shingoni.

*

Hakumwiba. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Aliomba mtoto kama walivyoomba wafanyakazi wengine wa Taasisi wasio na watoto, akapewa msichana wa mwaka mmoja na nusu asiyetajwa ukoo, akamwita Kunda. Lakini chati za vizazi vya Kirindo alikuwa amezichora kwa mkono wake mwenyewe, na siku alipompima Kunda vinasaba kwa ajili ya homa fulani, matokeo yalikaa mbele yake kama mtu anayemfahamu. Alijua mama ni nani, baba ni nani, nyumba ni ipi. Alizima mashine, akajitia hamnazo. Ilikuwa imepita miaka sita tangu siku hiyo.

Sasa, akiwa amerudi Dodoma, alikuwa anamtazama Kunda akicheza karata na jirani. Kunda alishindwa, akatupa karata zake chini, akanuna, akalalamika kwamba ameibiwa, na baada ya muda mfupi akaziokota na kuomba mchezo mwingine. Alikuwa mtoto kama watoto wengine wote.

Nakijwa hakulitegemea jicho la mama peke yake. Alichukua takwimu za watoto wote wa Kirindo waliohamishwa, bila majina, waliolelewa Dodoma, Mwanza na Mbeya, mbali kabisa na mfereji. Hawa ndio waliokuwa wamelelewa kwingine kweli. Akawalinganisha na watoto wa koo nyingine. Hapakuwa na tofauti. Ghadhabu iliyotoka kwenye damu ilikuwa karibu na sifuri, na kibaya zaidi, ghadhabu ya wale waliobaki Kirindo ilikuwa imepanda kila mwaka tangu sheria ianze. Ukimchukulia mtu mtoto wake atakuwa mkali. Taasisi ilikuwa imeuzidisha ugonjwa kwa dawa yake, kisha ikaupima tena na kuuita urithi.

Akampelekea matokeo mkuu wa idara ya malezi mbadala, Bwana Nsajigwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti safi, asiyepaza sauti hata akimfukuza mtu kazi.

"Dakta," alisema baada ya kusoma, "hii ni kazi nzito. Lakini wa kuifuta sheria ni Baraza la Vizazi, nalo halipokei takwimu zisizo na majina, unalijua hilo, kanuni umeiandika wewe. Wanataka walau mtoto mmoja anayejulikana, mama yake mzazi na mama yake mlezi wakiwa wameambiana ukweli ana kwa ana na kukubali wote wawili. Utampata wapi mlezi anayejua mtoto wake katoka kwa nani?"

Nakijwa hakuinua macho kutoka kwenye mkoba wake.

Nsajigwa akamtazama. "Ala," alisema polepole. "Kumbe."

"Sheria ikianguka, watoto watarudishwa?"

"Wote. Na wako pia." Akaikunja karatasi ya kielektroniki, akamrudishia kwa mikono miwili kana kwamba anamrudishia kitu kitakatifu. "Mimi nisingekulaumu ukiipoteza hii. Mtoto ana furaha. Yule mama alishazoea."

Alishazoea. Nakijwa alitoka na neno hilo. Kwa majuma kadhaa alilala nalo na kuamka nalo. Akinyamaza, Kunda ni wake, na mtoto aliye tumboni mwa Penieli atachukuliwa siku mbuzi mwingine atakapoingia shambani. Akisema, atampoteza Kunda, na Kunda atampoteza mama pekee aliyemjua. Halafu kulikuwa na jambo la tatu, lililomtisha kuliko yote. Kusema kwenyewe kulikuwa hatari. Utamwambiaje mwanamke mwenye nyekundu moja iliyobaki kwamba wewe ndiye unayelala na mwanawe kitanda kimoja akiogopa radi, na miaka yote hiyo unamjibu "anaendelea vizuri"? Ni mama gani angelisikia hilo asiwake?

Alimpenda Kunda, tusimwonee. Alimpenda hata akamchukia Penieli kidogo kwa kuwepo. Lakini kila alipomchana mtoto nywele aliona kisogo cha Elinaja, akavuta kitana kwa nguvu hadi Kunda akalalamika kwamba anaumizwa. Siku moja akakiweka kitana chini, akampeleka mtoto kwa jirani, akapanda gari la kwenda milimani.

*

Alimkuta Penieli ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, anakwangua udongo kwenye tangawizi. Tumbo lilikuwa limeshuka. Alipomwona Nakijwa akaacha kazi.

"Si siku yako ya kukagua."

"Si siku yangu."

"Amekufa?"

"Hapana! Hapana, dada. Ni mzima."

Kikuku kilikuwa kimeruka kwenye njano. Penieli akakifunika kwa kiganja cha pili, akangoja, akakifunua. Kijani. "Usinitanie hivyo," alisema, ingawa hakuna aliyemtania. "Umeniita dada. Hujawahi kuniita dada. Basi sema, ila sema polepole, kama unavyomimina maji ya moto."

Nakijwa akakaa chini, kwenye udongo, ili asiwe juu yake. Akasema. Alieleza kwanza kosa la hesabu, la watoto wa kupewa na mfereji, na Penieli akasikiliza bila kushangaa sana, kwa maana hakuna mtu wa Kirindo aliyewahi kuamini kwamba tatizo lao ni damu. Kisha akaeleza kanuni ya Baraza. Kisha hapakuwa na kitu kingine cha kueleza isipokuwa kile chenyewe.

"Mwanao yuko kwangu. Anaitwa Kunda. Nimemlea mimi tangu walipomtoa hapa, na kwa miaka sita nimejua kuwa ni wako, na nilikuwa nakuja hapa nakula makande yako na sikusema."

Penieli hakumtazama. Alikitazama kikuku. Kikawa njano, njano iliyokolea, na pembeni mwake ukaingia wekundu kama ukingo wa jua. Midomo ya Penieli ikaanza kwenda. Nakijwa alidhani anasali, lakini aliposogea akasikia majina. Penieli alikuwa anataja zamu za maji, nyumba kwa nyumba, tangu ndiva hadi chini, kila kichwa cha familia na kila mjane, bila kuruka mmoja, kwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto. Jasho lilimtiririka shingoni. Vidole vya miguu vilikuwa vimekunjwa na kuchimba udongo. Alifika mwisho wa mfereji, kwenye nyumba yake mwenyewe, akarudi juu akaanza tena.

Kikuku kikarudi kijani. Kikakaa kijani.

"Anakula?" aliuliza. Sauti ilikuwa tambarare kabisa.

"Anakula."

"Makande?"

"Anachagua maharage, mahindi anayaacha."

Pumzi fupi ikamtoka Penieli puani, ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko. "Baba yake huyo. Andika hilo kwenye utafiti wako." Akaokota tangawizi moja, akaikwangua hadi ikabaki nyeupe, akaendelea kuikwangua. "Nitakubali. Mbele ya Baraza, mbele ya nani sijui, nitakubali. Wote warudi. Ila uondoke sasa hivi, Dakta. Nina hasira na wewe ambayo haina pa kukaa, nami nimebeba mtoto."

"Penieli, nisamehe."

"Ondoka, nimekwambia. Tafadhali."

Nakijwa akaondoka. Alipofika kwenye kona akageuka. Penieli alikuwa amekaa vile vile, mgongo umenyooka, na mkono wenye kikuku ameulaza juu ya paja kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amtunzie.

*

Baraza lilikaa, likasikiliza, likasifu. Hilo ndilo Nakijwa hakulitarajia. Wajumbe walimpongeza kwa ujasiri na kwa usafi wa takwimu, mmoja wao hata akafuta machozi. Kisha mwenyekiti akasoma uamuzi.

Baraza lilikubali kwamba watoto wa Kirindo waliohamishwa walikuwa watulivu kama watoto wengine wowote. Kwa hiyo Baraza liliridhika kwamba kuhamishwa kunafaa. Ikiwa mgonjwa amepona kwa dawa, ni mwendawazimu gani atakayeipiga marufuku dawa? Sheria ingeendelea, na ingepanuliwa kufikia koo nyingine.

Nakijwa alisimama, akapiga kelele kuhusu mfereji. Mwenyekiti akasema kwa heshima kwamba masuala ya maji ni ya wizara nyingine.

Lilibaki suala la Penieli. Kumbukumbu ya kikuku chake ilikuwa imechunguzwa. Mama huyu, alisoma mwenyekiti, aliambiwa ana kwa ana mahali alipo mtoto wake aliyetenganishwa naye kwa miaka minane. Kikuku hakikufika nyekundu. Ndani ya muda mfupi kilirudi kijani na kubaki hivyo, naye akauliza habari za chakula. Wataalamu walikuwa wameangalia, wakaona hapo tabia mpya isiyopata kutajwa katika ukoo huo: ubaridi wa mapenzi ya uzazi. Kama inarithiwa bado haikujulikana. Kwa tahadhari, mtoto atakayezaliwa asiachwe mikononi mwa mama huyo hata siku moja.

Penieli alikuwa anasikiliza kwenye skrini kutoka ofisi ya kata. Nakijwa aliona mdomo wake ukifunguka. Ndipo picha ikakatwa. Alichosema Penieli baada ya hapo Nakijwa hakukisikia, ila aliambiwa kwamba kikuku kilipasuka.

*

Mtoto aliletwa jioni moja jua likiwa bado kali. Bwana Nsajigwa alimleta mwenyewe, akiwa amempakata vizuri, maana alikuwa baba wa watoto watano na alijua kupakata. Kunda ndiye aliyefungua mlango.

"Mama! Mama, njoo, tumeletewa mtoto!"

Nakijwa alitoka jikoni na mikono yenye unga.

"Idara imeona ni vyema ndugu wakae pamoja," Nsajigwa alisema. "Mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja, malezi mamoja. Nafasi kama hii haipatikani kirahisi, Dakta. Ukikataa sitakulazimisha, nina familia nyingine inasubiri Mwanza. Lakini nilifikiri wewe kwanza."

Alisema hayo kwa wema, na alikuwa anamaanisha. Kunda alikuwa amekwisha kumpokea mtoto, amemkumbatia kifuani, anamnusa utosini. Mtoto alikuwa bado na kitovu.

"Mama yake yuko wapi?" Nakijwa aliuliza.

"Kambi ya utulivu. Alimjeruhi mkunga alipokuwa anachukuliwa mtoto. Unaona mwenyewe, mwishowe damu haikujificha."

Nakijwa akampiga kofi. Halikuwa kofi la kuonya. Lilimgeuza Nsajigwa uso, likamwangushia miwani, na kabla hajaiokota akampiga la pili, kisha akaanza kumpiga kwa ngumi kifuani, unga ukiruka juu ya ile suti safi, akimwita mwizi, akijiita mwizi, akilia kwa sauti ambayo Kunda hakuwa amewahi kuisikia.

Nsajigwa alimshika mikono kwa upole mpaka nguvu zikamwishia. Akaokota miwani. Akaipangusa.

"Umechoka, Dakta," alisema. "Umepitia mengi mwaka huu. Chukua likizo. Mtu wa ukoo wako hafiki hapa kama si uchovu, wala sitalisema popote."

"Mwache mama yangu!"

Ni Kunda. Alikuwa amemlaza mtoto kwenye kochi, kwa uangalifu, akaweka mto pembeni asianguke, ndipo akaja mbio na kumsukuma Nsajigwa tumboni kwa mikono miwili. "Umemliza mama! Toka! Toka kwetu!" Akamsukuma tena. Alikuwa na miaka tisa na hakuwa na uzito wa kumtikisa, lakini uso wake ulikuwa umewaka kwa hasira.

Nsajigwa hakukasirika. Alichuchumaa akamtazama mtoto machoni kwa muda mrefu, kwa huzuni ya kweli, kama mganga aliyeona alichokuwa akikiombea kisitokee. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kikuku kidogo, cha kipimo cha mtoto, akakifunga kwenye mkono wa kushoto wa Kunda kabla Nakijwa hajafika. Kikalia mara moja. Kikawaka chekundu.

"Samahani, Dakta," alisema akisimama. "Nilitumaini malezi yameshinda. Hiyo ni ya kwanza. Zikifika nyingine mbili tutamhamisha, na huyu mdogo pia. Jitahidi naye." Akaaga, akafunga mlango taratibu asimwamshe mtoto.

Kunda alikuwa anakitazama kikuku. Alijaribu kukivua, hakikutoka. Hasira ilikuwa imemwisha, akabaki na woga tu.

"Mama, hii ni ya nini? Na huyu mtoto ni wa nani? Kwa nini amesema ni ndugu yangu?"

Nakijwa akapiga magoti mbele yake. Akaishika ile mikono midogo kwa mikono yake yenye unga, ambayo haikuwa na kikuku na haingekuwa nacho kamwe.

"Nitakwambia," alisema. "Nitakwambia yote, mwanangu, sitakuficha. Lakini kaa kwanza. Vuta pumzi. Na nikishakwambia, nakuomba, usinikasirikie."